Ukiugusa waya wa spidi wa lori, we ni mgeni

Haya jamani tuanze, waliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele viko wazi na havina shoti. Nimepewa dakika 40 na najijua, nikifika nusu ya nilichoandika hapa ni bahati, kwa hiyo sitaeleza sensa ya spidi ni kitu gani wala inakaa wapi, nyote hapa mmeshalala chini ya lori mkapakaa oili mpaka masikioni. Naenda moja kwa moja kwenye linaloniuma.

Linaloniuma ni swali. Kila wiki kuna mtu ananipigia, salamu haijaisha, "fundi, waya wa spidi ni rangi gani?" Rangi! Mtu anaunda kiskrini chake cha spidi, au kengele ya kumpigia kelele dereva akizidisha, au anataka mlango wa nyuma ujifunge lori likianza kutembea, mawazo mazuri kabisa, afu kitu cha kwanza anachotaka kujua ni rangi. Rangi inabadilika kwa kampuni, kwa modeli, kwa mwaka, na kwa fundi aliyekutangulia akaunga kwa kipande alichokuta mfukoni. Swali la kuuliza ni hili: huo waya unaobeba signali ya spidi kutoka kwenye sensa, nani mwingine anausikiliza? Manake spidi ile ile inaweza kuwa inasomwa na spidometa, na gia boksi, na kruzi inayoshikilia mwendo, na spidi gavana, na redio inayoongeza sauti yenyewe, afu we unakuja na kiboksi chako unataka kuwa wa sita. We ni mgeni pale. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila kwenye waya wa spidi hata ukikaa miaka kumi hupewi jembe, unakaa kwenye mkeka unasikiliza wenyeji wanavyoongea, basi.

Wengine mmeshanisikia nikisema hivi na kisa chenyewe mnakijua. Mtakisikia tena.

Lori lilikuwa la gia otomatiki, sensa iko mkiani mwa gia boksi, inatoa waya mbili zimesokotwa pamoja. Mi nina kiboksi nimekiunda mwenyewe, kinaandika spidi kwenye kadi ya kumbukumbu, nimekipenda kama mtoto wa kwanza. Nikaziangalia zile waya nikajiambia, ziko mbili, moja ni signali, nyingine lazima iwe graundi, yaani waya wa volti sifuri, itakuwa nini tena? Sikupima. Narudia, sikupima, na mita ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Nikachukua moja nikaifunga kwenye graundi ya kiboksi changu, na hiyo graundi nimeshaifunga kwenye chasisi, ya pili nikaiingiza kwenye bodi, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya kiboksi. Swichi on, taa za dashibodi zikawaka zikazimika kama kila siku. Injini ikawaka. Kataa kangu ka kijani kanapepesa. Nikamwambia dereva, mzee, twende.

Gia ya kwanza ikatoka vizuri tu. Kiboksi kinaandika namba, mi natabasamu. Afu mshale wa spidometa ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, ukaanguka kwenye sifuri na sisi tunatembea, taa ya njano ikawaka, gia boksi ikashika gia moja ikagoma kutoka hapo, injini inalia lori linajivuta. Yule dereva ni mtu mzima, hakupandisha sauti, akanitazama tu akasema, "fundi, gari langu umelifanya nini?" Nikamjibu sijagusa kitu mzee. Uongo wa mchana kweupe, na waya wangu mwekundu umeninginia mpaka kwenye goti lake.

Sasa nini kilitokea? Zile waya mbili zote zilikuwa za signali, hakuna graundi pale. Ni ncha mbili za koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na kontrol boksi, ile kompyuta ya gia boksi, inazishikilia zote juu kidogo ya graundi kwa makusudi, ili ijue siku waya ukikatika au ukichubuka ukagusa chuma. Mi nikauvuta mmoja mpaka chasisi. Kontrol boksi ikaona waya uliochubuka, ikafanya ilichofundishwa, yaani usiiamini sensa, linda gia boksi, kaa hapo hapo. Yenyewe ilikuwa sahihi, mjinga nilikuwa mi. Tukachomoa waya zangu, tukazima, tukawasha, gari likarudi kawaida, ila kosa likabaki kwenye kumbukumbu mpaka lilipofutwa kwa mashine, na mwenye lori akataka kujua lilifikaje huko, hiyo sehemu siisimulii.

Sogeeni kidogo hapa mezani. Hii ni sensa ya namna ile ile, sumaku na koili, niliichomoa kwenye gia boksi iliyokufa. Haina betri, haina kitu. Naifunga kwenye mita ya mshale, skeli ndogo kabisa ya DC. Napitisha spana mbele ya pua yake, polepole. Mmeona kitu? Hamna. Sasa naipitisha haraka. Eeh, mshale umeruka kulia ukarudi kushoto, kulia spana ikija, kushoto ikiondoka. Umeme huo umetoka kwenye spana kupita tu, haukutoka kwingine. Sasa badala ya spana weka meno ya gia, badala ya mkono wangu weka shafti inayozunguka, unapata wimbi linalopanda na kushuka, na kadiri lori linavyokimbia ndo wimbi linavyokuwa kubwa. Lori likitambaa unapata milivolti, likiwa barabara kuu linaweza kufika makumi ya volti. Kwa hiyo waya huo huo asubuhi ni mdogo hata bodi yako haiusikii, mchana unaichoma bodi yako. Na mtu anataka kuuchomeka moja kwa moja kwenye pini ya bodi isiyovumilia zaidi ya volti 3.6!

Na msiniambie "lakini yangu ina waya tatu". Sawa, ya waya tatu mara nyingi ni sensa ya Hall, yaani chipu inayohisi sumaku, ina umeme wake wa kuingia, graundi yake, na signali, na signali yenyewe ni ya mraba, ipo haipo ipo haipo, hiyo ni rahisi zaidi. Ila nayo ina mtego. Nyingi haziutoi umeme, zinachofanya ni kuuvuta waya chini tu, anayeupandisha juu ni resista, kile kidude cha kubana umeme, iliyo upande wa pili, ndani ya spidometa au kontrol boksi. Volti inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 12, inaweza kuwa 24, pima. Usije ukaongeza resista yako ya kupandisha kutoka kwenye betri ya 24 kwenye waya ambao wenyewe wanauendesha kwa 5.

Na mtego mwingine, huu umeniletea simu nyingi kuliko rangi: "fundi, kiboksi changu kikiwa on kila kitu sawa, nikikizima spidometa inakufa." Watu wanadhani ni uchawi. Ni hivi, ndani ya chipu kila pini ina daiodi, mlango wa umeme wa njia moja, ya kuilinda inayoelekea kwenye umeme wa chipu. Kiboksi kikizimwa, umeme wa chipu uko sifuri, ile daiodi inafunguka na signali ya gari inaanza kuilisha bodi yako nzima kupitia pini moja. Umemwacha mgeni ndani, akiwa macho ana adabu, akilala anakunywa maji yote ya mtungini. Ndo maana nasema kila mara, jaribuni kiboksi kikiwa kimezimwa, halafu mjaribu kikiwa on.

Dawa yake haina usomi. Kwa signali ya mraba: resista ya kilo-omu 100 kutoka kwenye waya wa spidi kwenda kwenye besi ya transista ndogo ya NPN, yaani swichi ya umeme yenye miguu mitatu, besi, emita na kolekta, emita kwenye graundi, kolekta iende kwenye pini yako na resista ya kilo-omu 10 kupanda kwenye umeme wa bodi yako mwenyewe. Na daiodi ndogo kati ya besi na emita, imegeuzwa, kwa ajili ya uchafu wa volti hasi. Basi. Hata waya ukiwa na volti 24 unachukua karibu miliampea 0.2, wenyeji hawatajua upo, na kiboksi kikizima signali haina njia ya kupanda kwenda kulisha bodi. Inafanya kazi kwa volti 5 mpaka 24 bila kubadili kitu. Mapigo yanageuka, juu inakuwa chini, we unahesabu tu, haikuhusu.

Na ile ya koili? Kuna chipu za kazi hiyo zinazozisoma waya zote mbili bila kugusa graundi. Lakini ushauri wangu ni usiiguse kabisa. Nenda mbele, nyuma ya spidometa au kwenye plagi ya redio, magari mengi yana waya wa spidi pale ambao umeshasafishwa na kompyuta ya gari ukawa wa mraba, umewekwa hapo ili vitu vingine vichukue. Umeandaliwa chakula sebuleni, unaingia jikoni kufanya nini?

Mtaniambia kuna GPS. Ipo, na kwenye mwendo ulionyooka inasoma spidi vizuri sana, sina ugomvi nayo. Ila moduli nyingi za kawaida zinakupa namba mara moja kwa sekunde, ukiingia chini ya paa zinapotea, na lori likisimama namba inacheza cheza. Kama unataka mlango ujifunge mara tu gurudumu linapoanza kuzunguka, unataka waya.

Mtaniambia tena kuna CAN, zile waya mbili ambazo kompyuta za gari zinaongelea. Haya, hii nayo ina watu wake. Malori makubwa yanaongea J1939, lugha yao ya kwenye CAN, spidi ya gurudumu iko kwenye ujumbe namba 65265, baiti ya pili na ya tatu, gawa kwa 256 unapata kilomita kwa saa, tamu kabisa. Ila weka kontrola yako, ile chipu ya CAN, kwenye hali ya kusikiliza tu, na kabla hujachomeka geuza moduli yako uangalie kama ina resista ya omu 120. Nyingi zinauzwa nayo imeshachomelewa. Hizo waya za CAN za lori zina resista mbili tayari, moja kila mwisho, ukipima lori likiwa limezimwa unapata omu 60. Ukiongeza ya kwako zinakuwa 40, na hapo umeanza tena kumnywea mwenyeji maji, sasa hivi kwenye waya ambao injini na breki zinaongelea. Itoe. Ing'oe kwa chuma cha moto.

Muda... dakika ngapi? Nane? Basi yanayofuata yanakwenda mbio.

Umeme wa kulisha kiboksi: lori la volti 24 si volti 24, betri ikichomoka altaneta ikiwa inachaji, waya unaweza kupiga zaidi ya volti 100 kwa muda mfupi. Fyuzi karibu na unapochukulia, kidhibiti cha kumeza hiyo shoti, ndo kisha ushushe volti. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya ukavibana kwa koleo, mi sivipendi, vinakata nyuzi na maji yanaingia, miezi michache unatafuta kosa linalokuja mvua ikinyesha. Chubua kidogo, unga, funika kwa mpira wa kubana kwa joto, ufunge waya usicheze.

Programu. Usihesabu mapigo kwa sekunde, pima muda kati ya pigo na pigo. Gari za kipimo cha Kijapani nyingi zinatoa mapigo 2,548 kwa kilomita, kwa hiyo kwenye kilomita 5 kwa saa unapata mapigo matatu na nusu kwa sekunde, ukihesabu kwa sekunde moja namba yako inaruka kwa kilomita 1.4 kila hatua, inachekesha. Ila ukipima muda kumbuka kuweka kikomo, manake lori likisimama pigo linalofuata haliji, na skrini yako itabaki imeandika 3 mpaka kesho. Mwingine yake ni mapigo 8,000 kwa maili, mwingine 4,000, usiamini namba ya mtu, endesha kilomita moja uliyoipima uhesabu mwenyewe. Na tairi: 295/80R22.5 mpya ina kipenyo cha karibu milimita 1,044, ikilika milimita 15 umepoteza karibu asilimia 3, hapo msinilaumu mimi.

Takografu, ile mashine inayorekodi mwendo na saa za dereva, nilitaka kuiongelea kirefu, haiwezekani. Sili ya sensa yake usiikate, kwenye nchi nyingi ni kesi. Kama ina waya wa kutoa spidi kwa vitu vingine, chukua huo.

Maswali mawili tu. Ndiyo kaka. Ndiyo, mita ya kawaida inatosha kuanzia, osiloskopu, ile mashine inayochora wimbi kwenye skrini, ni raha tu, ila ukiweza kuazima azima. We mwenye kofia huko nyuma. Waya za ABS, breki zinazozuia gurudumu kujifunga, kwenye gurudumu? Hapana. Hata na resista ya kilo-omu 100? Hapana. Hata ya megaomu? Kijana, hapana, zimeni projekta.