Mapigo Yametulia, Kovu Liko Palepale
(Mhadhara kwa wahudumu wa kliniki za presha, Moshi)

Wenzangu, presha mnaijua. Narudi kwenye lilelile ninalolisema kila nikipewa nafasi: mgonjwa alikuwa na mapigo ya moyo ya ovyo, yasiyo na mpangilio (atrial fibrillation), leo yametulia, kesho yake anaachishwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa nini?

Presha ya miaka mingi, au vali (mlango wa moyo) iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, hutanua chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Ukuta ukivutwa hivyo, kolajeni, nyuzi ngumu za mwili, hujazana katikati ya misuli. Hilo ndilo kovu. Umeme wa moyo ukilifikia hufanya kama maji ya mfongo, mfereji wa shambani, yaliyokuta jiwe: hupungua kasi, hugawanyika, huzunguka na kurudi nyuma. Mwishowe chumba hutetemeka mara 350 hadi 600 kwa dakika, hakisukumi damu tena.

Pembeni mwake kuna kifuko chembamba. Kwa asiye na ugonjwa wa vali, bonge la damu karibu kila mara hufanyika humo, maana damu imetuama. Likichomoka, njia yake mara nyingi ni ubongoni: kiharusi. Sasa niambieni, mapigo yakitulia, kovu limekwenda wapi? Mtaniambia, "Lakini ECG yake, kipimo cha umeme wa moyo, ni safi." ECG ile ni ya sekunde 10! Mapigo ya ovyo huja usiku mtu amelala, yakaondoka bila yeye kujua. Na hata yasipokuja, chumba kilichokakamaa hakisukumi sawasawa. Dawa huamuliwa kwa hatari ya kiharusi: umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, kiharusi cha zamani. Haiamuliwi kwa karatasi ya leo. Wala msimpe aspirini badala yake, haitoshi.

Tena, shikeni mkono wa mgonjwa. Mzee ameshuka kutoka Kibosho, mashine ya presha inasoma mapigo 78, mnaandika kwenye kadi, basi. Ile 78 ni wastani, haikuambii kama yanapishana. Weka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Yakienda bila mpangilio, apimwe ECG siku hiyohiyo.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: mwenye mapigo haya na vali iliyosinyaa kwa rumatiki, dawa yake ni warfarini, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) iwe 2 hadi 3. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mapigo haya kwamba rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda, haikufua dafu mbele ya dawa za aina ya warfarini. Mchicha na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, lakini msiwakataze. Wavile kwa kiasi kilekile kila wiki, INR isiyumbe.