Tun: nyumba ya Kiarmenia na ubeti wetu

Haya jamani tuanze, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo nimekuja na neno moja tu la Kiarmenia, tun, maana yake nyumba. Silabi moja, unaweza kudhani dakika tano tumemaliza, ila hili neno lina vituko.

Sisi tukishapata nyumba kazi imeisha, si ndio, nyumba moja, nyumba kumi, neno ni lile lile, ukiwa ndani yake unapachika -ni, nyumbani, basi. Mtu wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, akitaja nyumba ni tun, akitaka kusema mlango wa nyumba hiyo tun inageuka tan, zikiwa nyingi ni tner, ile u imeyeyuka, katikati unasikia kasauti kadogo tu ka kusaidia ulimi. Akipigiwa simu uko wapi anajibu tann em, niko nyumbani. Sasa akiwa anarudi anasema tun em gnum, neno kavu bila kiambishi chochote, yaani “naenda nyumba”, Mswahili akiongea hivyo tunamcheka mtaa mzima.

Hiyo u kuyeyuka ni rahisi, mkazo wa Kiarmenia unakaa silabi ya mwisho, kwa hiyo ukiongeza -er mkazo unahama na u inabaki nyuma haina nguvu. Lakini tan je? Silabi ni moja vile vile, mkazo haujaenda popote. Hapo inabidi turudi nyuma sana. Mesrop Mashtots alitengeneza alfabeti yao mnamo mwaka 405 hivi, na kwenye maandishi ya kale tun na tan tayari zipo, halafu kuna umbo la tatu ambalo mimi ndo nalipenda, tamb, la kusemea “kwa nyumba”, kama tunavyosema kwa kisu, kwa mkono. Iangalieni hiyo m. Imetoka wapi wakati tun ina n? Jibu ni kwamba m ndo mwenyeji, n ndo mgeni. Kilatini ni domus, Kirusi mpaka leo ni dom. Kiarmenia kiliigeuza d ya kale ikawa t (kumi ni decem kwa Kilatini, kwao ni tas), o ndefu ikawa u, m ya mwisho ikawa n, ila kwenye tamb ile m ilikingwa na b ikapona.

Na wasomi walishawahi kudhani Kiarmenia ni mtoto wa Kiajemi, maana kimekopa maneno ya kule kwa magunia, mpaka mtaalamu wa lugha Mjerumani, Heinrich Hübschmann, mwaka 1875 akaonyesha kwamba ni tawi linalojitegemea ndani ya ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, ule ule wa Kilatini na Kirusi. Yule madam wa ofisini kwenu naye ni ndugu wa tun, msishangae, domus ilizaa domina, mama mwenye nyumba, Wafaransa wakapata madame, ikazunguka mpaka ikafika kwetu.

Tan nayo ina watoto wengi, tanik ni paa, tanter ni mwenye nyumba, əntanik ni familia. Ila utamu wenyewe uko kwenye mashairi, Mwarmenia akigawa shairi lake kila kipande anakiita tun, nyumba. Na sisi tunakiitaje? Ubeti! Toka Kiarabu bayt, nyumba, ingawa kwa Waarabu bayt ni mstari mmoja, sisi tukaukuza ukawa kipande kizima, kwa hiyo malenga wa Lamu na mshairi wa Yerevan wote wanajenga nyumba.

Naam dada? Aa, umesikia mtu anasema dun. Huyo anaongea Kiarmenia cha magharibi, cha akina Beirut na wale walioko Ufaransa, herufi wanaandika ile ile ila wanaitamka d, na kwenye wingi u yao haiyeyuki, wanasema duner. Kwa hiyo ndio, d imerudi palepale ilipoanzia, ila ni bahati tu, imezunguka miaka elfu kadhaa bila kujua inarudi kwao.