Skuli imebadili saa: barua, sauti ya jirani na maji ya bamvua

KHAMIS: Assalaamu alaykum. Tupo Wete, Pemba, chumba kile kile, na feni tumeizima isiingie kwenye sauti. Da Maryam leo kaja na makaratasi.

MARYAM: Waalaykumu salaam. Karatasi mbili na simu. Wiki iliyopita mtoto karudi na barua ya skuli. Mkondo wa mchana kwao darasa la tano umeondoshwa. Kuanzia Jumatatu wote waingie saa moja na nusu asubuhi. Nikaisoma, nikaridhika. Usiku nikafungua kundi la wazazi kwenye WhatsApp, nikadhani wanazungumzia skuli nyengine.

KHAMIS: Barua inasemaje?

MARYAM: Mistari minne. Uongozi unawaarifu wazazi, mkondo wa mchana umeondoshwa ili kuinua ufaulu. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, muhuri. Basi. Ustadh naye katoa lake: chuo cha Qur'ani kinahamia saa nane mchana, na mtoto asikose kwa kisingizio cha uchovu. Halafu jirani yangu, yule anayelima mwani, katuma ujumbe wa sauti mrefu, hataji ufaulu hata mara moja. Anauliza nani atamkalia mtoto mdogo siku za bamvua. Na mwanangu, mwalimu wa Kiswahili kawaambia waandike insha juu ya mabadiliko hayo. Kaandika kwamba anafurahi, kwa sababu hatakwenda tena skuli kwenye jua la mchana.

KHAMIS: Waandishi wanne, jambo moja.

MARYAM: Na hakuna aliyesema uongo! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nimeandaa mambo matatu ya kuangalia unaposoma maelezo kama haya. La kwanza, mwandishi anamsemesha nani...

KHAMIS: Ngoja kwanza. Huyo jirani kataja bamvua. Wasikilizaji wetu wa Chake mjini wameelewa?

MARYAM: Khamis, nakuomba. Usiingie baharini.

KHAMIS: Naingia kidogo tu. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji yanatoka mbali sana, na huku kwetu yanakupwa kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi. Mkulima wa mwani anakwenda na maji, anashuka saa tatu hivi, anafunga mbegu kwenye kamba, anakaza vigingi, anavuna uliokomaa, na maji yakianza kujaa anapanda. Siku ya pili maji yamechelewa kama dakika 50. Ya tatu vile vile. Yakifika maji mafu, yale yasiyokupwa sana, shamba halionekani vizuri.

MARYAM: Haya, tumefika pwani. Turudi skuli.

KHAMIS: Tupo skuli bado! Mwana mkubwa wa jirani alikuwa akitoka chuoni saa tatu asubuhi, anakaa na mdogo wake mpaka saa sita, ndipo anakwenda skuli. Mama anashuka. Sasa saa tatu mtoto yupo darasani. Barua imehesabu kwa saa ya ukutani, jirani anahesabu kwa mwezi.

MARYAM: Hapo umenishika.

KHAMIS: Na mwani wenyewe si mchezo. Kilimo cha biashara kilianza Unguja 1989, kina mama ndio wakakibeba. Ule wa bei nzuri, kotonii, siku hizi unakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu maji yamepata joto. Akikosa bamvua moja...

MARYAM: Khamis, maji yametufika shingoni.

KHAMIS: Namaliza. Akikosa bamvua moja, anangoja karibu wiki mbili.

MARYAM: Vizuri, kwa hiyo lengo la jirani ni kushawishi. Anataka wazazi wenzake wamuunge mkono, ndiyo maana kaweka mtoto mchanga mbele ya kila kitu. Ustadh anataka watoto wasipotee njiani baina ya skuli na chuo. Mwanangu anataka alama za insha, na kivuli. Lakini barua ndiyo inayonikera. Tangu elimu ilipotangazwa bila malipo 1964, watoto wamekuwa wakizidi vyumba, ndiyo tukawa na mikondo miwili. Sasa Serikali inajenga skuli za ghorofa Unguja na Pemba, na imesema wazi inataka mkondo mmoja na watoto 45 darasani. Kwetu vyumba vipya vimekwisha kujengwa. Sababu ndiyo hiyo! Mbona barua haikuandika? Imeandika "ufaulu" kwa sababu hakuna mzazi atakayesimama kuupinga. Aliyeiandika alitaka tusiulize.

KHAMIS: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

MARYAM: Kwa nini?

KHAMIS: Umejuaje alichokitaka? Vitendo huzingatiwa kwa nia, na nia ipo moyoni. Wewe umeona mistari minne, umemfungua mtu kifua. Huenda kaandika haraka. Huenda karatasi zilikuwa chache. Tangazo kazi yake ni kukwambia saa ngapi, na limekwambia.

MARYAM: Mimi simhukumu mbele ya Mungu. Naisoma karatasi yake. Mtoto wa sekondari anaulizwa kwenye mtihani, mwandishi amekusudia nini, na anajibu kwa kutazama kilichoandikwa na kilichoachwa. Kwa nini mimi mzazi nisifanye hivyo kwa barua inayobadili maisha ya nyumba yangu?

KHAMIS: Mtihani unauliza juu ya hadithi, da Maryam. Huyu ni mwalimu mkuu, kesho utakutana naye sokoni.

MARYAM: Ndiyo maana khasa! Hadithi haimtoi mama pwani.

KHAMIS: Basi mwendee umuulize, usimsome.

MARYAM: Nitamuuliza. Lakini hata akinijibu, barua itabaki imeandikwa vile ilivyoandikwa, na wazazi wengi hawatafika ofisini kwake. Wataishia kwenye karatasi.

KHAMIS: Na mimi nasema ukimfundisha mtoto kwamba kila tangazo lina jambo limefichwa ndani, hataamini hata tangazo la kipindupindu.

MARYAM: Hujanijibu.

KHAMIS: Nawe hujanijibu.

MARYAM: Sauti ya jirani nayo ina vilivyoachwa. Hakusema kwamba mkubwa wake amekuwa akisinzia darasani mchana, na kila mtu mtaani analijua hilo. Kwa nini yeye namsamehe na barua siisamehe? Kwa sababu barua ina muhuri. Mwenye muhuri anadaiwa maelezo zaidi.

KHAMIS: Hilo la muhuri nitalifikiria. La nia, hapana.

MARYAM: Sawa. Tazama saa.

KHAMIS: Saa sita na dakika kumi. Na mambo yako matatu?

MARYAM: Tumesema nusu ya la kwanza. Hayasomeki leo.

KHAMIS: Taja angalau vichwa.

MARYAM: Siwezi, Khamis. Mtoto sasa anatoka saa sita na nusu, na saa nane awe chuoni ameshakula. Wasikilizaji, kama skuli yenu imebadili saa, tutumieni barua mliyoletewa pamoja na walichosema majirani. Zima, nakimbia.