Mapenzi, Nguvu na Kikombe: Tupime Epizodi Moja ya Once Upon a Time

Asanteni. Ba mama, ba papa, na banafunzi benye muko wima kule nyuma ju viti vimekwisha, musogee kidogo, hii maikro iko ya taabu.

Epizodi tumetoka kuangalia inaitwa "Skin Deep", ni ya 12 mu sezoni ya kwanza ya Once Upon a Time, seri ya televizyo ABC ya Marekani. Ilipita mara ya kwanza tarehe 12 Februari 2012, siku mbili tu mbele ya Saint-Valentin, na mumeona namna ile tarehe iliwaponza, nitarudia pale. Aliyeiandika ni Jane Espenson. Kwa benye hawajui seri: Malkia Regina aliroga batu bote ba hadithi za zamani, akawatupa mu mji mudogo wa Marekani, Storybrooke, banaishi pale bila kukumbuka beko nani. Kila epizodi inatembea mu dunia mbili, ya zamani na ya leo. Inatosha, tuingie.

Mi nasema hivi, na mukubali ao mubishe: hii epizodi iko nzito kila mara inabakia mule mu ngome ya mulozi Rumplestiltskin, batu bawili na kikombe kimoja, na inakuwa nyepesi kila mara inatoka mule.

Mukumbuke inaanza namna gani. Vita ya mazimwi imefika mlangoni, baba ya Belle hana tena askari, Rumplestiltskin anakuya anasema nitawaokoa, bei yangu ni huyu binti, na si kwa mwaka moja, ni milele. Niliskia mama mumoja apa mbele akiuliza "na mali? na bajomba beko wapi?" Mama, uliuliza vizuri kabisa, ju pale senario ilichezwa na akili. Mu hadithi ya Kifaransa yenye tunajua, La Belle et la Bête, ile Madame de Villeneuve alitosha mu 1740 na Madame Leprince de Beaumont akaifupisha mu 1756, shida inaanza na baba: alichuma ua la roza kwa mwenye nyumba, deni likamuangukia binti. Apa baba anakataa, fiyanse Gaston anakataa, Belle mwenyewe njo anasema nitaenda. Hakuna mutu anamuuza. Na ile roza haikupotea, ila ilipewa kazi ingine: Gaston anakuya kugonga mlango kumutafuta, Rumple anamugeuza roza, anaipeleka kwa Belle kama zawadi, na Belle anaiweka mu maji bila kujua anashika nani. Batu mulicheka, mi pia nilicheka, lakini ni kicheko chenye kuchoma.

Sasa kikombe. Siku ya kwanza Rumple anamuhesabia kazi zake: utapika, utafagia, utafua, utaniletea majani makavu ya kusokota zahabu, na utachuna ngozi za batoto nitakaowinda. Belle anashtuka, kikombe kinaanguka. Rumple anamuambia, ile ya mwisho ilikuwa mzaha. Belle anapiga magoti, anaokota, anaomba samahani, ju ukingo umemeguka kidogo, kidogo tu, hata hauonekani. Na Rumple, huyu mwenye kutisha nchi nzima, anabakia bila maneno, anasema basi, ni kikombe tu. Muangalie pale uso wa Robert Carlyle, akteri mwenye anacheza Rumple. Hasemi kitu cha maana, lakini unaona mutu mwenye hakuna mutu alimuomba samahani kutoka zamani. Epizodi nzima imefungiwa pale, na haikuhitaji dragoni wala moto wa kompyuta.

Kisha busu. Apa njo nawaomba mutulie, ju kwa mi ni kitu kizuri kupita vyote mu hii epizodi. Mu hadithi ya kawaida busu linaponyesha, nyama anakuwa mutoto wa mufalme, mambo yamekwisha. Apa busu linafanya kazi! Ngozi yake inaanza kurudi ya kimutu, tumeona bote. Na yeye njo anakataa. Anaogopa Regina alimutuma Belle kumunyanganya uchawi, anapiga kelele, anamutupa mu boloko ya ngome, anavunja vyombo vyote mu kabati, kisha anamufukuza akimuambia nguvu yangu iko na maana kwangu kuliko wewe. Vyombo vyote, isipokuwa kile kimoja chenye kumeguka.

Sisi bakaaji ba Lubumbashi tunaelewa bila kufasiriwa. Kundi la Mufwankolo lilicheza apa mu 1986 tiatre nzima juu ya ile mezali ya kusema nguvu inakuliwa nzima, haigawanywe. Rumple ni chifu wa vile kabisa: bibi bila kiti hataki, kiti bila bibi anakubali, analia lakini anakubali.

Na jina. Mu hadithi ya ndugu Grimm juu ya Rumplestiltskin, ya 1812, siku batu banajua jina lake amepoteza, ni kwisha yake. Apa Bwana Gold, ni Rumple mwenyewe wa Storybrooke, anakaa mu boloko ya polisi, Regina anakuya na kikombe mkononi, anamuambia: taja jina lako la kweli, nakurudishia. Na anataja! Siri alificha epizodi 11 anaitoa juu ya kikombe kibovu. Lile jina zamani lilikuwa kifo, apa limekuwa pesa ya kununulia ukumbusho. Espenson apewe heshima yake.

Haya, uzaifu. Wa kwanza ni mbio. Epizodi iko na dakika kama 43 na dunia mbili za kugawana, kwa hiyo mapenzi yanakomaa mbio mbio: leo anaogopa, kesho anavuta rido zenye zilipigiliwa misumari, anaanguka ku ngazi, anadakwa, imekwisha, banapendana. Mi ningetaka hata sini moja tena ya kukaa tu. Ile ya gurudumu, Belle anauliza sababu gani unasokota sana, anajibiwa inanisaidia kusahau, kusahau nini, basi imefanya kazi... zingekuwa tatu za vile, nani angelalamika?

Wa pili, Saint-Valentin. Ashley na Sean, bapenzi ba Storybrooke, na pete yabo, banawake kunywa pombe mu restora, bwana mumoja David kuchanganya kadi ya bibi na ya mupenzi, hii yote iliwekwa ju kalenda ilikuwa inapiga kelele. Ukikata ile sehemu, epizodi haipoteze kitu. Kusema kweli ile ya kadi ilinichekesha, lakini haihusu.

Kuna mwenye aliniandikia kikaratasi: je, Gold kumupiga muuza maua na fimbo, ni nguvu ao uzaifu? Ni vyote. Moe, ni yule muuza maua, baba ya Belle mu Storybrooke, ana deni, kamioneti yake ilinyanganywa, akaiba kwa Gold, ni mwizi wa kikombe tu. Lakini Gold anapiga akisema "ulimufukuza, kosa ni lako", na tunaelewa anajipiga mwenyewe. Kwa akteri ni kazi kubwa. Kwa senario naona shida: mwenye alifukuza Belle ni Gold, mwenye anavunjwa ni muzee, na maumivu ya muzee hayapewe hata sini moja.

Wa tatu, na njo wa kuniuzi, ni Belle mwenyewe. Anaanza akisema hakuna mutu anakata maisha yangu isipokuwa mi. Kisha Regina anamuambia Rumple kwamba baba alimukataa, bamemufungia mu munara, bamemutesa, akajirusha. Mwisho tunajua ni uongo, yuko mzima, amefungwa chini ya lopitali ya Storybrooke, hatukumuona akichagua hata kitu kimoja kutoka siku alifukuzwa. Banasema ni mshangao wa mwisho. Ni sawa, nilishtuka kama nyinyi. Lakini binti mwenye alitia sahihi maisha yake kwa mukono wake, epizodi inamumalizia kama siri ya Regina, kitu cha kufungia mu chumba mpaka senario itamuhitaji tena. Hata maneno matatu mu kinywa chake pale yangetosha.

Naona mikono mingi. Tuanze na dada wa kilemba cha kijani, ju alikuwa anatikisa kichwa tangu niliposema busu.