Kileleni Oksijeni Ni Ileile Asilimia 21

Nimeshalisema hili mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado nalisikia kila mahali: "Juu ya Kilimanjaro oksijeni ni nusu." Jamani, hapana! Hewa ya Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na hewa ya ufukweni Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa nzima. Kwa kilopaskali, kipimo cha mgandamizo, Tanga ni 101, kileleni ni kama 50. Mwanakemia Mwingereza John Dalton alishatueleza tangu 1801 kwamba katika mchanganyiko kila gesi hugandamiza kana kwamba iko peke yake. Basi chukua fungu la gesi, kwa oksijeni ni 0.21, zidisha kwa mgandamizo wa hewa nzima, upate mgandamizo wa oksijeni. Tanga: 0.21 mara 101 ni kilopaskali 21. Kileleni: 0.21 mara 50 ni 10.5.

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: "Si nusu hiyohiyo, mwalimu, tunabishania nini?" Tunabishania mapafu! Hewa ikishapita puani hulowa, na mvuke wa maji kwenye nyuzi joto 37 una mgandamizo wa kilopaskali 6.3, uwe Tanga, uwe kileleni. Hautegemei umepanda kiasi gani, hutegemea joto tu, na joto la mwili unapanda nalo. Kwa hiyo toa 6.3 kwanza, ndipo uzidishe. Tanga: 101 toa 6.3, mara 0.21, unapata karibu 20. Kileleni: 50 toa 6.3 ni 43.7, mara 0.21 ni 9.2. Mmeona? Hata nusu haifiki. Mvuke uleule ambao pwani huchukua sehemu moja ya kumi na sita ya mgandamizo wote, kule juu huchukua moja ya nane. Anayesema "ni nusu" hesabu yake imeishia nje ya pua. Na bado sijagusa kaboni dayoksaidi iliyomo mapafuni!

Kwa hiyo nyie waongozaji, mpagazi akianza kuyumba na kuongea ovyo kwa kukosa oksijeni pale Kambi ya Barafu, karibu na kilele, msimwambie apumzike kidogo. Mteremsheni, hata kama ni usiku. Akishuka, mgandamizo wa hewa nzima unapanda, na wa oksijeni unapanda nao, ilhali mvuke unabaki na 6.3 yake.

Muda umeniishia. Wa maabara, haraka: gesi mliyoikusanya juu ya maji kwa nyuzi joto 25 ina mvuke wa kilopaskali 3.2 ndani yake. Utoeni kwenye mgandamizo wote kabla hamjahesabu moli, yaani kiasi cha gesi. Haya, maswali.