Pochi juu ya snea: Booker T. & the M.G.'s wa Memphis

MWALIMU: Karibuni. Fundi, mbona leo umeingia umenuna kama umedaiwa?

FUNDI: Jumamosi nilikuwa kwenye mitambo, harusi. Wakati wa chakula bendi ikaanza "Green Onions". Chaguo zuri, haina mwimbaji, watu wanakula huku wanatikisa kichwa. Lakini yule wa dramu alikuwa anaikimbiza! Watu wakawa wanatafuna kwa spidi ya snea, ile ngoma ndogo yenye waya chini.

MWALIMU: Pilau ikaisha kabla foleni haijaisha.

FUNDI: Basi ndiyo leo tuiongelee bendi iliyoutoa wimbo ule, Booker T. & the M.G.'s. Nimeandika masomo matatu. La kwanza snea. La pili mkataba. La tatu, bendi ya studio inagawanaje jina na pesa.

MWALIMU: Matatu! Wasikilizaji wanakujua wewe. Haya, anza.

FUNDI: Hii ni bendi ya mtaa kabisa. McLemore Avenue namba 926, Memphis, Tennessee. Palikuwa na jengo la sinema, Capitol. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton wakalipanga mwaka 1960 liwe studio ya kampuni yao ya santuri, iliyokuja kuitwa Stax. Wakang'oa viti, sakafu ikabaki na mteremko wake. Chumba cha mitambo wakakiweka juu ya jukwaa, pale ilipokuwa skrini. Pale mbele palipouzwa bisi Estelle akafungua duka la santuri.

MWALIMU: Na duka ndilo lililoleta watu. Steve Cropper, mpiga gitaa, alikuwa anauza kaunta. Booker T. Jones, mpiga kinanda, alikuwa mwanafunzi wa sekondari anayekuja kusikiliza santuri. Ukitafuta watu wa bendi leo unabandika tangazo. Pale walikuwa wanaingia wenyewe.

FUNDI: Mwaka 1962, Jumapili moja, wamekuja kumpigia mwimbaji Billy Lee Riley. Kazi ya Riley haikuzaa kitu, wale wanne, Booker, Cropper, wa besi na wa dramu, wakabaki wanajipigia blues ya polepole. Stewart akabonyeza kurekodi. Hiyo ikawa "Behave Yourself". Santuri ina pande mbili, ikatakiwa ya upande wa pili, Booker akatoa riff aliyokuwa nayo, kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa. Ndiyo "Green Onions".

MWALIMU: Yaani ya kujazia.

FUNDI: Ya kujazia ndiyo ikashika namba 1 kwenye chati ya R&B na namba 3 kwenye chati ya pop. Cropper aliipeleka mwenyewe redio WLOK, mtangazaji akawa anairudia, simu zikaanza kuingia.

MWALIMU: Tuwape wapigaji kazi kidogo. Riff ni F mainari, A-flati, B-flati, halafu unarudi. Umbo lake ni blues ya vipimo (bar) 12, kwa hiyo riff inahama kwenda B-flati, inarudi F, inapanda C, inashuka. Spidi karibu mapigo 138 kwa dakika. Kinanda ni Hammond M3, ile ndogo, wala siyo B3 kama watu wanavyodhani. Kosa la kwanza la bendi zetu: mpiga kinanda anajaza kila nafasi. Booker anaacha. Cropper naye anakata, yaani anapiga kodi fupi, kidogo tu, halafu ananyamaza mpaka zamu yake ifike.

FUNDI: Na besi siyo Duck Dunn! Kila mtu anasema Dunn. Kwenye "Green Onions" ni Lewie Steinberg. Dunn alikuja baadaye.

MWALIMU: Sasa dramu. Al Jackson Jr. alikuwa anaweka pochi juu ya snea.

FUNDI: Pochi ya pesa?

MWALIMU: Ya pesa, ile ya mfukoni. Inaua ule mlio wa pembeni, ule "piiing" unaobaki baada ya pigo.

FUNDI: Ina hela au haina?

MWALIMU: Unataka kumkopa?

FUNDI: Hapana, nauliza kitaalamu! Uzito unabadilisha sauti.

MWALIMU: Kweli, uzito unabadilisha. Chukua pochi ya ngozi, toa sarafu zote, zinachacharika. Noti acha. Iweke ukingoni, upande wa mbali na kijiti, ifunike kama robo ya ngozi ya snea. Ikisogea katikati, snea inakuwa kama unapiga godoro. Ikiwa ukingoni kabisa imekaa juu ya ringi, haifanyi kitu.

FUNDI: Kwa hiyo mwisho wa mwezi sauti ni nzito, katikati ya mwezi snea inalia.

MWALIMU: Mpiga dramu mwenye njaa anasikika kwa mbali.

FUNDI: Na waya za chini?

MWALIMU: Zikaze mpaka besi ikipiga zisitetemeke zenyewe, halafu legeza kidogo tu. Ukikaza kupita kiasi snea inakabwa. Pochi hairekebishi waya. Watu wanarundika pochi, leso na simu juu ya snea, kumbe shida iko chini.

FUNDI: Simu usiweke jamani, ikilia katikati ya wimbo...

MWALIMU: M-Pesa imeingia, snea imetetemeka.

FUNDI: Hapo pochi inakuwa haina kazi tena, hela ziko kwenye simu! Sasa Al Jackson wa leo angefanyaje? Kadi ya benki?

MWALIMU: Kadi ni nyepesi na inaruka. Kata ngozi ya zamani ya dramu kwa umbo la pete, upana sentimita 3, ilaze juu. Au kitambaa kilichokunjwa mara mbili, ukibandike kwa gundi ya karatasi upande mmoja tu, ili upande mwingine uinuke pigo linapotua, kisha ushuke.

FUNDI: Tumekula muda na pochi. Twende kwenye kuchelewa. "In the Midnight Hour" ya mwimbaji Wilson Pickett, Mei 1965, chumba kilekile. Snea kwenye pigo la pili na la nne inaingia imechelewa kidogo. Ndiyo hiyo raha.

MWALIMU: Na ilikotoka inajulikana. Jerry Wexler wa Atlantic, kampuni iliyosambaza santuri za Stax, alitoka chumba cha mitambo akawachezea dansi ya vijana wa wakati ule, mkazo uko nyuma. Jackson na Cropper wakaufuata mwili wake. Kuchelewa kunatoka kwenye mikono, basi.

FUNDI: Mimi nasema chumba. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Aliyesimama mita 10 kutoka kwenye dramu anasikia snea karibu milisekunde 29 baadaye. Hawana hedifoni. Ndiyo maana Cropper alikuwa anauangalia mkono wa Jackson.

MWALIMU: Umejifunga mwenyewe. Anayefuata kwa macho hachelewi, maana mwanga hauchelewi. Macho ndiyo yaliyowaweka pamoja. Kuchelewa walikuchagua.

FUNDI: Maiki haina macho! Snea inavuja kwenye maiki za tarumbeta na saksofoni kule mbali, inafika imechelewa, inachanganyika na ile ya karibu. Pigo linanenepa upande wa nyuma. Mpigaji akisikiliza mkanda anaizoea ile sauti, kesho anaipiga hivyo.

MWALIMU: "Green Onions" ni chumba kilekile, 1962. Mbona haina kuchelewa kule?

FUNDI: Watu wanne, wako karibukaribu, hakuna tarumbeta.

MWALIMU: Hapana. Jackson alikwenda studio nyingine ya Memphis, Royal Studios, kumpigia mwimbaji Al Green miaka ya 70, mkono ukaenda naye. Sikiliza "Let's Stay Together".

FUNDI: Royal nayo ilikuwa sinema! Sakafu ya mteremko vilevile!

MWALIMU: Kwa hiyo wewe ukipewa sinema utapiga kama Al Jackson?

FUNDI: Na wewe ukipewa Al Jackson barazani utapata ile sauti? Walipokwenda Ulaya 1967, sikiliza rekodi za jukwaani. Spidi imepanda. Watoe nje ya kile chumba, wanakimbia.

MWALIMU: Jukwaani kila bendi inakimbia, watu wanapiga kelele! Spidi na kuchelewa ni vitu viwili. Unaweza kwenda haraka na snea ikawa nyuma.

FUNDI: Siondoki hapo nilipo.

MWALIMU: Na mimi sisogei. Wapigaji, jaribuni wenyewe. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 112 kwa dakika, ndiyo karibu spidi ya "Midnight Hour". Pigo moja ni kama milisekunde 536. Besi, kiki (dramu ya mguu) na haihati (visahani viwili vya kugonganisha) ziwe juu ya metronomu kabisa. Snea peke yake irudi nyuma milisekunde 20. Ukifika 40 inasikika kama kosa. Wengi wanaharibu hapa, wanarudisha nyuma kila kitu. Ukirudisha kiki na besi hujachelewesha chochote, umepiga wimbo taratibu tu.

FUNDI: Na gitaa?

MWALIMU: Gitaa la kukata liende na snea, lichelewe nayo. Likibaki kwenye metronomu utasikia milio miwili, "ta-ka", badala ya mmoja. Cropper aliufuata mkono kwa sababu hiyo.

FUNDI: Kwa sababu ya chumba.

MWALIMU: Dakika ngapi?

FUNDI: Tatu. Mkataba hatujagusa.

MWALIMU: Gusa haraka.

FUNDI: Stewart alisaini na Atlantic mwaka 1965. Kipengele ndani kikaipa Atlantic umiliki wa kanda mama, zile za kwanza kurekodiwa, za Stax ilizosambaza. Hakukisoma vizuri. Atlantic ikauzwa kwa Warner, 1968 wanaachana, Stax wanauliza kanda zetu ziko wapi. Mwimbaji wao Otis Redding ameshakufa kwenye ajali ya ndege Desemba 1967, na nyimbo alizopigiwa na bendi hii hazimo mikononi mwao.

MWALIMU: Subiri, kanda mama maana yake nini kisheria? Kanda yenyewe, au haki ya kuitoa upya?

FUNDI: Hapo ndipo somo la pili linapoanza, linataka nusu saa. Na la tatu linaingilia la pili, kwa sababu wao wanne walikuwa wanalipwa mshahara wa studio huku jina lao...

MWALIMU: Wanatuashiria tumalize.

FUNDI: Wiki ijayo.

MWALIMU: Wiki ijayo tumeahidi kuongelea spika zinazoungua.

FUNDI: Basi nyingine. Wasikilizaji, mkataba wowote mlio nao mezani msisaini mpaka tur—

MWALIMU: Muda umekwisha. Kwaherini.