Kufumbua neno kwa namba: anza na irabu

ZUHURA: Karibuni, tuko Kigoma. Leo tunafumbua neno kwa thamani za herufi: A ni 1, B ni 2, hadi Z ambayo ni 26. Kaka Hamisi, lisome fumbo.

HAMISI: Neno lina herufi sita, jumla yake 66. Irabu ziko nafasi ya pili, ya nne na ya sita, na zikijumlishwa ni 11. Ya nne na ya sita ni herufi ileile. Ya tatu inaizidi ya kwanza kwa 10. Kidokezo: Kigoma tunapikia.

ZUHURA: Usikimbilie kidokezo. Andika kwanza jedwali lote, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kuwa Kiswahili hakitumii Q wala X, mtu anaziruka. R inakuwa 17, Y inakuwa 23, na jibu la fumbo hili linatoa 64 badala ya 66.

HAMISI: Na CH je?

ZUHURA: Hapa ni herufi mbili, 3 na 8, jumla 11, sawa kabisa na K. Mtunzi anayeihesabu kama herufi moja aseme mapema.

HAMISI: Haya, irabu. A 1, E 5, I 9, O 15, U 21: zote witiri! Kwa hiyo irabu tatu haziwezi kutoa shufwa. Ukiambiwa jumla yake ni 12, usihangaike, fumbo lenyewe ni bovu.

ZUHURA: Kweli kabisa. Sasa mbili zinafanana. Zikiwa A, inabaki 9, yaani I. Zikiwa E, inabaki 1, yaani A. I mbili ni 18, tayari zimepita. Basi ni I-A-A au A-E-E, hakuna nyingine.

HAMISI: Konsonanti zinabaki na 55. Ondoa ile 10 ya ziada: ya kwanza mara mbili, ukijumlisha na ya tano, ni 45. Ya tano lazima iwe witiri.

ZUHURA: Zijaribu moja moja, dada yako nasikiliza.

HAMISI: C inaifanya ya kwanza kuwa 21, U, na hiyo ni irabu. G inatoa S, lakini ya tatu inafika 29, haipo. K inatoa Q. W inatoa K, ila ya tatu inakuwa U. Zinazosimama ni M yenye P na Z, S yenye M na W, Y yenye J na T.

ZUHURA: Tia irabu: PIZAMA, PAZEME, MIWASA, MAWESE, JITAYA, JATEYE.

HAMISI: Jitaya mtu anaweza kulitetea, kwamba ni taya kubwa.

ZUHURA: Ndiyo maana kidokezo kinakuja mwisho. Halipikiwi! Ni MAWESE: 13, 1, 23, 5, 19, 5. Jumla 66.

HAMISI: Na msiridhike na jumla peke yake. Ujiji ni 59, na Igunga kule Tabora ni 59 vilevile. Hakikini kila sharti.

ZUHURA: La kwenu sasa: herufi tano, jumla 42. Irabu ziko ya kwanza, ya tatu na ya tano, jumla yake 11. Ya kwanza na ya tatu ni moja. Ya pili inaizidi ya nne kwa 7. Kidokezo: Tabora inasifika kwayo.